Umri wa Chombo

Kila atengenezaye chombo hukipa vitu vitatu: umbo, kazi na umri. Umbo huonekana kwa macho, na kazi hujulikana kwa matumizi. Umri haujulikani mpaka kazi imekwisha na chombo kimetupwa. Kwa sababu hii mafundi wengi hufikiri sana juu ya umbo, hufikiri sana juu ya kazi, na juu ya umri huwaza neno moja tu, yaani chombo kidumu. Kudumu kumesifiwa katika kila soko na kila lugha. Nguo idumuyo husifiwa, nyumba idumuyo husifiwa, na urafiki udumuo husifiwa kuliko vyote. Ni nadra kuulizwa kama viko vitu ambavyo kudumu kwake ni kosa, na kama fundi aliyevipa umri huo anastahili lawama.

Swali hilo ndilo la insha hii. Zamani halikuwa na uzito mkubwa, lakini limepata uzito katika zama zetu kwa ajili ya kitu kiitwacho plastiki. Tena limepata sura mpya kwa ajili ya juhudi za wataalamu wa nchi nyingi wanaotafuta plastiki ya namna nyingine: itokayo katika mimea, katika wanyama na katika taka, iuayo bakteria wakati wa kazi, na iozayo baada ya kazi kwisha. Juhudi hiyo si jambo la maabara peke yake. Ni jambo la wema na ubaya, nayo inastahili kuwekwa katika mizani ya maadili kama ilivyowekwa katika mizani ya kemia.

Wazee wa pwani walikuwa na kata ya kifuu, kikapu cha ukindu, mtungi wa udongo na jani la mgomba. Kata ilipopasuka ilitiwa motoni. Kikapu kilipochakaa kilioza nyuma ya nyumba. Jani lililofungiwa chakula lililiwa na mbuzi. Kigae cha mtungi kilidumu, lakini kilidumu kama jiwe lidumuvyo, bila ya kumsonga ng'ombe malishoni wala kasa baharini. Walakini haifai kuwasifu wazee kwa wema ambao hawakuuchagua. Vyombo vyao vilioza kwa kuwa hapakuwa na vingine. Wema usio na hiari si wema kamili, na ubaya usio na hiari si ubaya kamili. Sisi ndio tuliopewa hiari, kwa hiyo sisi ndio tunaoweza kuulizwa.

Hiari hiyo ilianza kupatikana mwaka 1907, wakati Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alipotengeneza plastiki ya kwanza iliyotokana na kemia tupu. Mwaka 1933, Reginald Gibson na Eric Fawcett, wanakemia wawili wa Uingereza, walikuwa wakijaribu gesi chini ya shinikizo kubwa, wakakuta katika chombo chao kitu cheupe mfano wa nta ambacho hawakukikusudia. Kitu hicho ni polithini, ambayo baadaye ikawa mifuko ya dunia nzima. Ilikuwa nyepesi, rahisi, haipitishi maji, hailiwi na mchwa, na haiozi. Haki lazima isemwe: plastiki imeokoa maisha ya watu. Mfuko wa damu hospitalini, bomba la sindano litumikalo mara moja na dumu la maji safi vimezuia vifo vingi. Mtu alaaniye kila plastiki hajapata kuugua ugonjwa mkubwa, au aliugua akasahau.

Sifa yake moja, hata hivyo, imekuwa aibu yake. Mwaka 2017 Roland Geyer na wenzake wawili walichapisha hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani mpaka mwisho wa mwaka 2015. Walipata tani milioni 8,300, na kati ya hizo tani milioni 6,300 zilikuwa zimekwisha kuwa taka. Katika taka hiyo, asilimia 9 tu ilitengenezwa upya, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ilikuwa imelala majaani, mashambani, mitoni na baharini. Wenye kutupa hawakuwa watu waovu. Wengi wao walifanya kila mtu alivyofanya, kwa kitu ambacho hakuna aliyewaambia kuwa hakina mauti.

Tufikiri juu ya mfuko wa samaki. Kazi yake ni safari ya kutoka sokoni mpaka jikoni, na safari hiyo haizidi saa moja. Baada ya hapo mfuko huanza maisha ya pili yasiyo na kazi. Urefu wa maisha hayo hakuna mtu aliyepata kuushuhudia mpaka mwisho, maana polithini yenyewe haijatimiza miaka mia moja tangu ilipojulikana. Chombo cha saa moja kimepewa umri wa vizazi. Hapo ndipo lilipo kosa, nalo halimo katika kudumu bali katika kudumu kusikolingana na kazi. Daraja lidumu, kwa kuwa wajukuu watapita juu yake. Mfuko wa samaki udumu kwa ajili ya nani?

Serikali kadhaa zimejibu swali hilo kwa sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Mitaro ya maji ilipata nafuu, na mtu aliyezoea kupewa mfuko kwa kila kitu alijifunza kubeba kikapu. Sheria, hata hivyo, ina uwezo wa kuondoa, haina uwezo wa kuumba. Kikapu hubeba nazi na vitunguu vizuri, lakini nyama mbichi na samaki mbichi hutaka kitu kizuiacho maji, na kama yawezekana kizuiacho pia viumbe wadogo waharibuo chakula. Katazo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupata badala yenye haki.

Badala moja imetafutwa katika maganda ya kamba na kaa. Mtu atayarishapo kamba kwa chakula, karibu nusu ya uzito wake, yaani kichwa na ganda, hutupwa. Ndani ya ganda hilo mna kitini, ambayo Mfaransa Henri Braconnot aliitambua katika uyoga mwaka 1811, na ambayo imo pia katika miili ya wadudu. Ganda likitiwa katika asidi, chokaa yake hutoka. Likichemshwa katika magadi makali ya watengeneza sabuni, protini yake hutoka. Kitini ibakiayo ikichemshwa tena katika magadi makali zaidi hugeuka kuwa kitosani. Mageuzi hayo yalielezwa na Mfaransa mwingine, Charles Rouget, mwaka 1859, lakini yalikaa miaka mingi bila ya kazi kubwa. Kitosani huyeyuka katika siki, nayo ikimwagwa juu ya kioo na kuachwa ikauke huwa utando mwembamba angavu. Huchanganywa na wanga wa muhogo ili ipatikane kwa wingi, na glisirini, ambayo ni zao la kandoni la kazi ya sabuni, ili utando upindike bila ya kukatika.

Utando huo una silaha. Kitosani katika hali ya uchachu huwa na chaji chanya ya umeme, na ngozi ya nje ya bakteria wengi ina chaji hasi. Vitu viwili hivyo huvutana, ngozi ya bakteria huharibika, naye hufa au hushindwa kuzaana. Wako wataalamu wanaozidisha nguvu hiyo kwa kutia mafuta ya karafuu, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, dawa ya tangu zamani ya jino liumalo. Watu wa Unguja na Pemba wanajua kuwa mafuta hayo hayatoki katika karafuu zenyewe tu. Hutoka pia katika makonyo na majani. Basi ganda la kamba, wanga wa muhogo na makonyo ya karafuu, vitu ambavyo mwambao mmoja huweza kuwa navyo vyote, hukutana katika kipande cha utando kiwezacho kulinda mnofu wa samaki. Kasoro zake zisifichwe. Utando huu hunywa maji, hulainika katika unyevu, na hauna nguvu za polithini. Bado ni mwanafunzi katika kazi ambayo polithini ni bingwa.

Hapa yazuka hoja iliyo ngumu kuliko zote. Kuoza ni kazi ya bakteria na kuvu. Kitu kiuacho bakteria kitaozaje? Tumetengeneza kitu ambacho leo ni adui wa viumbe fulani, na kesho twawaita viumbe wale wale waje kukizika. Mtu aweza kusema kuwa hii ni hadaa ya maneno: kama chaua, hakiozi, kama chaoza, hakiui.

Jawabu laweza kupatikana baharini. Kila mwaka kamba, kaa na wanyama wadogo wengine wasiohesabika hutupa maganda yao majini, na bahari haikujaa maganda. Wako bakteria wenye vimeng'enya vya kuikata kitini na kuila, na udongoni wako bakteria na kuvu waifanyiao kitosani vivyo hivyo. Mkutano wa utando na bakteria wachache juu ya mnofu wa samaki si sawa na mkutano wake na umma mkubwa wa viumbe wa namna nyingi ndani ya mboji, penye unyevu, joto na wakati. Mafuta ya karafuu nayo hupaa hewani kidogo kidogo, na yujenoli ibakiayo huvunjwa-vunjwa na viumbe wa udongo. Silaha hushuka yenyewe mkononi mwa askari. Kwa hiyo kuua na kuoza havipingani, mradi kila kimoja kiwe na mahali pake na muda wake. Uadui wenye mpaka huitwa ulinzi. Uadui usio na mpaka huitwa dhuluma.

Kutokana na jawabu hili hutoka kipimo cha maadili ambacho chaweza kutumiwa na mtu asiyejua kemia. Kipimo chenyewe ni kuuliza: silaha itakwenda wapi kazi itakapokwisha? Wako watengenezao utando wa wanga na kutia ndani yake chembe za madini ya fedha, kwa sababu fedha huua bakteria kwa nguvu kubwa. Wanga utaoza. Fedha ni elementi, haiozi. Itabaki udongoni au majini ikiendelea kuwadhuru viumbe ambao hawakushiriki katika vita vya samaki wetu. Chombo cha namna hiyo kimekufa mwili, lakini kimeacha upanga wazi njiani. Kwa kipimo hiki plastiki mbili ziwezazo kuitwa kwa jina moja, moja yaweza kuwa na heri na nyingine yaweza kuwa na shari.

Kipimo cha pili ni ukweli wa jina. Palipatikana plastiki zilizotiwa dawa ya kuzifanya zisagike kwa jua na hewa, zikauzwa kwa sifa ya kuwa zaoza. Hazikuoza. Zilivunjika zikawa chembe ndogo mno, na chembe ya plastiki ni plastiki. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2019 ya kuzikataza, na katazo likaanza tarehe 3 Julai 2021. Iko pia plastiki mashuhuri itokanayo na asidi ya laktiki, ipatikanayo kwa kuchachusha sukari ya mahindi au miwa. Hiyo huoza kweli, lakini hutaka joto la kama digrii 60 za sentigredi, joto la kiwanda cha mboji. Ikitupwa katika bahari hukaa miaka. Mtu aiuzaye penye kiwanda cha namna hiyo asema kweli. Mtu aiuzaye kwa maneno yale yale mahali pasipo kiwanda asema uongo, ingawa herufi hazikubadilika. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kuoza si sifa ya kitu peke yake. Ni mapatano kati ya kitu na mahali.

Kipimo cha tatu ni haki katika asili ya kitu. Mahindi na mihogo ni chakula, na plastiki itokanayo na chakula katika dunia yenye njaa ina swali la kujibu. Kwa sababu hiyo wataalamu wamegeukia taka, na wengi hudhani kuwa taka haina swali. Lakini taka ni neno la mwenye shibe. Ganda la muhogo lililoanikwa ni chakula cha mbuzi wa mtu. Siku kiwanda kitakapoanza kulinunua, litapata bei, na mwenye mbuzi wawili aliyekuwa akiliokota bure atashindana na mwenye lori. Hakuna aliyemwibia, walakini amepungukiwa. Si lazima kiwanda kisijengwe kwa sababu hii. Ni lazima swali liulizwe kabla ya kiwanda, na aliye na mbuzi awe miongoni mwa waulizwao. Ganda la kamba linukalo nyuma ya kiwanda cha samaki, lisilohitajiwa na mtu, lina udhuru mwepesi kuliko ganda la muhogo lililo katika zizi la maskini.

Haki hiyo hugusa pia maji ya kiwanda. Asidi na magadi yaliyogeuza ganda kuwa kitosani lazima yaende mahali. Yakimwagwa mtoni kabla ya kutulizwa ukali wake, tutakuwa tumeondoa dhambi jaani na kuihamishia mtoni, na mvuvi wa chini atalipia usafi wa mnunuzi wa mjini. Utando safi uliotoka katika maji machafu hauna haki ya kujivuna mbele ya polithini.

Kipimo cha nne ni kiasi katika kuua. Alexander Fleming, alipopokea tuzo ya Nobel huko Stockholm mwezi wa Desemba 1945 kwa ajili ya penisilini, alionya kuwa dawa kidogo isiyotosha kuua huwafundisha bakteria kuistahimili. Onyo lake limethibitika. Mwezi wa Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikataza sabuni za nyumbani zilizotiwa triklosani na dawa nyingine 18, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kuwa zilishinda sabuni ya kawaida na maji, wala kuwa zilikuwa salama kwa matumizi ya miaka mingi. Somo hili ni letu pia. Utando uuao bakteria una haki yake juu ya nyama na juu ya jeraha. Na kwa hakika bendeji ya kitosani ilikubaliwa nchini Marekani mwaka 2002 kuzuia damu itokayo kwa wingi. Lakini mfuko wa kubebea shati hauna vita na mtu. Kuutia silaha ni kuogopa bila ya sababu, na woga usio na sababu ukigeuzwa biashara huwa hasara ya wote.

Yamkini msomaji atauliza kama chombo kiozacho hakitamfundisha mtu kutupa ovyo. Mtu aliyekuwa akizuiwa na aibu atasema moyoni kuwa kitaoza chenyewe, na atakitupa mlangoni pa jirani. Hatari hiyo ni ya kweli. Fundi aweza kukipa chombo mwisho mwema, lakini hawezi kumpa mtumiaji tabia njema. Wajibu wa mmoja haufuti wajibu wa mwingine. Fundi asiseme kuwa watu ni wachafu ili ajitoe katika lawama ya kutengeneza kisichokufa. Wala mtumiaji asiseme kuwa fundi ni hodari ili ajitoe katika lawama ya kutupa. Mzigo huu ni wa vichwa viwili, na kila kichwa kina fungu lake.

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Fundi anahusika na mwisho wa chombo chake kwa kiasi alivyoweza kuujua na kuuchagua. Baekeland hakuwa na njia ya kuiona bahari ya leo, na kumhukumu kwa macho yetu ni kumwonea. Sisi tumeiona. Ujuzi uongezekapo, wajibu huongezeka pamoja nao, wala haiwezekani kuupokea mmoja na kuukataa wa pili. Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha, wakiwaliwaza wenye dhiki kuwa taabu ina kikomo. Karne yetu imepata kitu kirefu ambacho ncha yake haijaonekana, na kazi iliyo mbele ya wasomi ni kukirudishia ncha.

Katika vyuo vyetu mwanafunzi wa kemia hufundishwa kupima nguvu ya utando, wepesi wake na bei yake. Vipimo hivyo ni vyema, na visipunguzwe hata kimoja. Viongezwe vile vinne tulivyovitaja, vikiwa katika karatasi ile ile na si katika hotuba ya sherehe: silaha yake itakwenda wapi, jina lake ni kweli mahali gani, asili yake na maji yake yamempunguzia nani, na kuua kwake kuna sababu gani. Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo kabla ya kutia ganda lake la kwanza katika asidi atakuwa ameanza kazi mahali ambapo watangulizi wake waliishia. Tena ataweza kumwambia muuza samaki, bila ya kumficha neno, chombo hiki kitamtumikia kwa muda gani, na siku kitakapomaliza kazi kitakwenda wapi.